Mafigo na Mizani ya Maji

Wahenga walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Neno hili ni la kweli uani, shambani na kisimani, na aghalabu husemwa juu ya mtu aliyetoa siri au aliyepoteza heshima yake kwa tendo moja. Lakini pana mahali pamoja ambapo methali hii haina nguvu, na mahali hapo hapako mbali na mtu yeyote. Ni ndani ya mwili wake mwenyewe, chini ya mbavu za mwisho, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Huko maji humwagwa usiku na mchana, na usiku na mchana huzolewa. Kazi ya kumwaga na kazi ya kuzoa zote mbili ni za mafigo.

Watu wengi huyajua mafigo kwa nusu ya kazi yao. Husema kuwa ni wafagiaji wa damu, na kuwa mkojo ni taka zinazotolewa nje. Sifa hii ni ya haki, lakini haitoshi. Kutupa ni kazi nyepesi. Hata mpumbavu anaweza kutupa mali yote ya nyumba kwa siku moja. Kazi nzito ni kujua kitu gani kirudishwe ndani, kwa kiasi gani na wakati gani. Mtu akitaka kuyapima mafigo kwa insafu, na ayapime kwa yale yanayoyarudisha, ambayo hayaonekani, kuliko kwa yale yanayoyatupa, ambayo huonekana kila siku.

Umbo la figo ni kama haragwe, ukubwa wake kama ngumi, na uzito wake gramu 150 hivi. Mchinjaji hulichomoa katika mafuta ya mbuzi, akalitia katika fungu la nyama za ndani, asilifikirie tena. Mafigo mawili ya mtu mzima hayafiki sehemu moja katika 200 ya uzito wake, lakini moyo huyapelekea sehemu moja katika kila sehemu 5 za damu unayoisukuma. Kiungo kidogo hakipewi sehemu kubwa namna hii bila ya sababu, na sababu yenyewe ilichukua karne nyingi kufahamika.

Galen, tabibu wa karne ya 2, alifunga mirija itokayo katika mafigo ya mnyama aliye hai, akathibitisha kuwa mkojo hufanywa na mafigo, wala haufanywi na kibofu. Mwaka 1662 Lorenzo Bellini wa Italia, kijana asiyetimiza miaka 20, aliona kuwa nyama ya figo si nyama tupu bali ni mirija mingi iliyolala pamoja. Mwaka 1666 Marcello Malpighi, naye wa Italia, aliona kwa hadubini vifundo vidogo vya mishipa ya damu katika nyama hiyo. Mwaka 1842 William Bowman wa Uingereza alionyesha kuwa kila kifundo kimekaa ndani ya kikombe, na kuwa kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija. Katika miaka hiyo hiyo Carl Ludwig wa Ujerumani alisema kuwa maji husukumwa kutoka katika kifundo kwa nguvu ya damu, na kuwa sehemu yake hurudi tena damuni yanapopita katika mrija. Rai yake ilingoja ushahidi kwa miaka 80. Mwaka 1924, huko Philadelphia, Joseph Wearn na A. N. Richards walichoma kikombe kimoja cha figo la chura kwa sindano ya kioo nyembamba mno, wakavuta maji kidogo yaliyokuwamo. Maji yale yalikuwa na sukari na chumvi, ilhali mkojo katika kibofu cha chura haukuwa navyo. Basi ilidhihirika kuwa vitu vile vilimwagwa mwanzo wa njia, vikazolewa kabla ya mwisho wake.

Kiasi cha kumwaga na kuzoa huko kinastahili kuhesabiwa. Katika kila figo imo mirija midogo ipatayo milioni moja, na kila mrija pamoja na kifundo chake huitwa nefroni. Damu inapopita katika vifundo, maji yake husukumwa nje pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka humo, yaani chumvi, sukari na taka. Chembe za damu na protini kubwa hubaki. Kwa mtu mzima mwenye afya maji yanayochujwa hivyo ni kiasi cha lita 180 kwa siku. Sehemu ya damu yake iliyo maji haizidi sana lita 3, kwa hiyo yote huchujwa yapata mara 60 kati ya alfajiri moja na alfajiri ya pili. Pamoja na maji hayo hutoka chumvi yapata kilo moja na nusu. Kama kitu hakirudishwi, damu ingekauka katika mishipa kabla ya nusu saa kwisha. Lakini mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu hivi, na chumvi iliyomo ni gramu chache. Katika kila sehemu 100 za maji na za chumvi zilizomwagwa, 99 zimezolewa.

Kwa mtazamo wa kwanza kazi hii yafanana na israfu. Kwa nini kitolewe chote ili kirudishwe karibu chote? Mafigo hutumia kati ya sehemu 7 na 10 katika kila sehemu 100 za oksijeni ya mwili uliopumzika, na karibu nguvu hiyo yote huishia katika kuokota chumvi. Walakini israfu hii ina hekima yake. Bawabu aliyeamriwa kumzuia kila mwizi hana budi kuzijua sura za wezi wote, wa leo na wa kesho, na orodha yake haina mwisho. Bawabu aliyeamriwa kuwatoa watu wote nje, kisha kuwaingiza wenyeji peke yao, anahitaji orodha fupi tu. Figo ni bawabu wa pili. Halihitaji kuijua kila sumu iliyomo katika majani, matunda au dawa ambazo mtu atakula maishani. Linawajua wenyeji: maji, chumvi, sukari na wenzao wachache. Asiyeitwa kwa jina lake hubaki nje akachukuliwa na mkojo.

Wenyeji wawili katika hao hutazamwa kuliko wote, nao ni maji na chumvi. Mwili wa mwanamume wa kilo 70 una maji yapata lita 42. Theluthi mbili za maji hayo zimo ndani ya chembe za mwili, na theluthi moja imo nje yake, katika damu na katika nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Claude Bernard wa Ufaransa alifundisha katika karne ya 19 kuwa maji haya ya nje ya chembe ndiyo makao hasa ya chembe zetu. Mtu huishi hewani, lakini chembe zake huishi majini. Maji hayo yana chumvi kiasi cha gramu 9 katika kila lita, yaani robo hivi ya ukali wa maji ya bahari. Kiasi hicho hakiruhusiwi kutangatanga. Kikizidi, maji hutoka ndani ya chembe nazo husinyaa. Kikipungua, maji huingia ndani ya chembe nazo huvimba. Chembe za ubongo zimefungwa katika fuvu lisilopanuka, na uvimbe wake waweza kuwa mauti.

Kwa sababu hii mwili una hesabu mbili za kutunza. Hesabu ya kwanza ni ya ukali, yaani chumvi ni nyingi au chache kiasi gani kwa kila lita ya maji. Hesabu ya pili ni ya wingi, yaani maji na chumvi kwa jumla vinatosha kuijaza mishipa au havitoshi. Mtu anaweza kudhani kuwa hesabu hizi ni moja, lakini mwenye ndoo iliyojaa maji ya chumvi na mwenye kikombe cha maji yale yale wana ukali mmoja na wingi mbalimbali. Mwili umeweka wajumbe tofauti kwa kila hesabu.

Mjumbe wa hesabu ya kwanza hutoka ubongoni. E. B. Verney wa Cambridge alionyesha mwaka 1947 kuwa ndani ya kichwa mna vihisi vinavyotambua ukali wa damu. Ukali ukipanda hata kwa sehemu moja au mbili katika 100, mtu huona kiu, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini. Homoni hii hufika katika mirija ya mwisho ya mafigo ikafungua njia za maji, na maji ambayo yangalitoka kwa mkojo hurudi damuni. Umbo la njia hizo halikujulikana mpaka siku za karibu. Mwaka 1992 Peter Agre wa Marekani na wenzake walithibitisha kuwapo kwa protini ipitishayo maji peke yake, ikaitwa akwaporini, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mtu aliyekunywa maji mengi hukosa vasopresini kwa saa chache, njia zikafungwa, mkojo ukatoka mwingi na mweupe. Pombe nayo humzuia mjumbe huyu asitoke. Ndiyo maana mlevi hukojoa zaidi ya alichokunywa, akaamka asubuhi na kiu kali.

Wajumbe wa hesabu ya pili huanzia katika figo lenyewe. Nguvu ya damu ikipungua katika mishipa iingiayo katika vifundo, figo hutoa kitu kiitwacho renini. Renini huamsha angiotensini, ambayo hukaza mishipa na kuiamuru tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia itoe aldosteroni. Homoni hii ilipatikana mwaka 1953 kwa juhudi ya Sylvia Simpson, James Tait na wenzao. Kazi yake ni kuuhimiza mrija uokote chumvi zaidi. Chumvi ikirudi, maji huifuata, kwa kuwa katika mwili chumvi ndiyo bwana na maji ndiyo mfuasi. Upande wa pili ana mjumbe wake pia. Moyo ukijaa damu kupita kiasi, chumba chake cha juu hutoa homoni ya kuyaambia mafigo yaachilie chumvi. Jambo hili lilifunuliwa na Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada mwaka 1981. Basi moyo, uliodhaniwa siku zote kuwa ni pampu isiyosema, una neno lake katika baraza la chumvi.

Limebaki swali la namna figo linavyoweza kufanya mkojo mkali kuliko damu iliyouleta. Hakuna pampu mwilini inayoweza kuyashika maji yenyewe ikayasukuma; maji hufuata chumvi tu. Jawabu limo katika umbo la mrija. Kutoka ganda la nje la figo mrija hushuka hadi kinani, hupinda kama ndoana, kisha hupanda sambamba na ulikopita. Pindo hili lilielezwa na Jakob Henle wa Ujerumani mwaka 1862, lakini faida yake ilifichika. Mwaka 1942 Werner Kuhn, mwanakemia wa Uswisi, alitoa rai yake, na mwaka 1951 yeye na wenzake wakaleta ushahidi. Upande unaopanda hutoa chumvi nje lakini haupitishi maji. Upande unaoshuka hupitisha maji. Chumvi iliyotolewa na upande mmoja huifanya nyama ya jirani kuwa kali. Maji ya upande wa pili, yakishuka katika ukali huo, hupungua na kufika chini yakiwa makali zaidi. Nayo yakianza kupanda, huwa na chumvi nyingi zaidi ya kutoa. Kila hatua huongeza kidogo tu juu ya hatua iliyotangulia, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kinani mwa figo ukali hupanda hata mara 4 ya ule wa damu. Mirija ya mwisho hupitia katika kina hicho. Vasopresini ikiwa imefungua njia, maji huvutwa nje na mkojo hutoka mchache na mkali. Ikiwa haikufungua, maji hupita salama na mkojo hutoka mwingi na mwepesi. Kwa kazi hii figo moja huweza kumhudumia mtu yule yule jangwani na mtoni.

Uwezo huo una mpaka, na mabaharia waliujua mpaka huo kabla ya wataalamu. Jahazi lililotoka Uarabuni kwa upepo wa kaskazi kuja Lamu, Mombasa au Unguja lilizungukwa na maji pande zote, lakini nahodha alilichunga tangi la maji matamu kama alivyoichunga shehena yake. Figo la mtu haliwezi kufanya mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari. Anywaye lita moja ya maji ya bahari huhitaji zaidi ya lita moja kuitoa chumvi yake, na deni hilo hulipwa kwa maji ya mwili. Kila funda humzidishia ukame. Ngamia wa Warendile na Wasomali wa kaskazi ya Kenya amepewa mpaka ulio mbali zaidi. Mkojo wake waweza kuwa mkali zaidi ya mara mbili ya ule mkali kabisa wa mtu. Aweza kupungukiwa na maji kiasi cha robo ya uzito wake asife. Na akifika kisimani hunywa lita zaidi ya 100 kwa muda mfupi.

Lakini kiumbe wa ajabu kuliko ngamia katika habari hii yumo Ziwa Viktoria. Ni samaki ambaye Wajaluo humwita kamongo. Ana matamvua kama samaki na mapafu kama mnyama wa nchi kavu. Mwaka 1928 Homer W. Smith, Mmarekani aliyeutoa umri wake kwa elimu ya mafigo, alisafiri hadi Afrika kumtafuta, na baadaye akaandika hadithi aliyoiita Kamongo, iliyotoka mwaka 1932. Maji yanapokauka kamongo huweza kujifukia katika tope, akajizungushia ute unaokauka kama ngozi, akaacha tundu dogo la pumzi, akalala. Katika usingizi huo mafigo yake huacha kufanya mkojo. Taka iitwayo yurea hulimbikana mwilini mwake mwezi baada ya mwezi, na huweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka. Mvua ikirudi huamka, akajaa maji, mafigo yakaanza tena na taka zikaondoka.

Smith alitokeza rai kubwa kwa kuwatazama samaki. Samaki wa maji matamu huingiliwa na maji mwilini bila ya kunywa, kwa hiyo hana budi kuyatupa daima. Yeye alisema kuwa vifundo vya figo vilitokea hapo kwanza kwa ajili ya kutupa maji, na kuwa wanyama waliotoka majini kuja nchi kavu walirithi chombo cha kutupia maji katika mahali ambapo maji yalikuwa adimu. Ikawalazimu kukitengeneza upya kwa ajili ya kurudisha. Rai yake ya kwamba wahenga wa wanyama wenye uti wa mgongo walianzia katika maji matamu imepingwa, kwa kuwa mabaki ya kale zaidi yametoka katika miamba ya bahari. Hata hivyo fikira yake ya kuwa uhuru wa kiumbe wategemea figo lake haikuzeeka. Kamongo huununua uhuru kwa usingizi. Mtu hakupewa hiari hiyo. Damu yake ni ya moto, chakula chake huungua upesi, na mafigo yake yakinyamaza, naye hana msaada, huhesabiwa siku.

Hapa ndipo pa kukumbuka kuwa figo ni mweka akiba, na akiba haiumbi mali. Kipindupindu huonyesha jambo hili kwa ukatili. Mgonjwa aweza kupoteza lita moja ya maji na chumvi kwa saa. Renini, aldosteroni na vasopresini zote hutoka kwa wingi, mkojo hukoma, figo hufunga kila mlango linaoujua. Lakini bomba linavuja upande mwingine, na mlinzi mwaminifu hufa njaa katika ghala tupu. Mwaka 1971, katika vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon, India, na dawa ya maji ya mishipa ikakaribia kwisha. Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi safi katika maji, wakawapa watu wawanyweshe jamaa zao. Vifo, ambavyo vilikuwa kiasi cha wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka chini ya 4. Sukari huipitisha chumvi katika ukuta wa utumbo, na chumvi huyavuta maji. Mafigo hayakuponya wagonjwa wale peke yao, wala maji yale yasingeliwaponya kama mafigo yasingalikuwapo kuvipima vilivyorudi.

Kuna na balaa ya upande wa pili. Wakimbiaji wa masafa marefu walizoea kuambiwa wanywe maji kabla ya kuona kiu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na 13 katika kila 100 walionekana kuwa na sodiamu chache kupita kiasi. Wengi wa hao walikuwa wamekunywa hata uzito wao ukaongezeka njiani. Taabu ya mwili huiamuru vasopresini ibaki, na figo lililoamriwa kuzuia maji halina ruhusa ya kuyatoa. Kiu ni mshauri mzee. Anayempuuza kwa kukosa na anayempuuza kwa kuzidisha wote wawili hulipa.

Mtihani mkubwa wa mafigo siku hizi, hata hivyo, si ukame wala gharika, bali ni wingi wa chumvi. Figo la mtu lilifunzwa katika dunia ambamo chumvi ilikuwa haba. Uchunguzi uitwao INTERSALT, uliotolewa mwaka 1988, uliwapima watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32. Miongoni mwao walikuwamo Wayanomami wa misitu ya Brazili, ambao hawatii chumvi katika chakula. Sodiamu katika mkojo wao ilikuwa karibu na kitu bure. Mafigo yao yalirudisha karibu yote. Shinikizo la damu lao lilikuwa chini, wala halikupanda kwa uzee. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, lakini wastani wa dunia ni zaidi ya gramu 10. Kando ya lile ziwa la kamongo ushahidi ulionekana pia. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi ya Kenya kwenda Nairobi. Haukupita muda mrefu shinikizo la damu lao likawa juu ya la wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi kwa kila kiasi cha potasiamu. Mafigo yalikuwa yale yale. Sahani ndiyo iliyobadilika. Figo lililozoea kusema akiba haiozi hupata taabu kulijua neno la kutosha.

Taabu hiyo huzaa nyingine. Chumvi ikibaki maji hubaki, mishipa hujaa, shinikizo hupanda, na shinikizo huviumiza vile vifundo vyembamba ambavyo ndivyo vilivyotakiwa kuipunguza. Kisukari nacho huviharibu kwa njia yake, na maradhi haya mawili ndiyo yanayoua mafigo mengi zaidi duniani. Kazi ngumu juani bila ya maji nayo hushukiwa sana. Huko El Salvador na Nikaragua vijana wakata miwa wameugua mafigo kwa wingi, na mahali walipopewa kivuli, mapumziko na maji, madhara yamepungua. Idadi ya watu wenye maradhi ya mafigo duniani hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 800, na wengi wao hawajijui.

Hawajijui kwa kuwa figo halilalamiki. Nefroni zikifa, zilizobaki huchukua kazi ya wenzao kimya kimya, na mwenyewe hula, hulala na kufanya kazi kama jana. Anapovimba miguu au kukosa pumzi, sehemu kubwa ya mafigo imekwisha kwenda. Nefroni haziongezeki baada ya mtoto kuzaliwa. Zile alizokuja nazo ndizo atakazozeeka nazo. Hapo methali ya wahenga hurudi na nguvu zake zote: figo huweza kuzoa maji, lakini hakuna awezaye kulizoa figo.

Binadamu amejaribu. Willem Kolff, tabibu wa Uholanzi, alitengeneza mashine ya kusafisha damu huko Kampen mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, kwa kutumia karatasi ya selofani ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa; mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akapona. Mwaka 1954 Joseph Murray na wenzake huko Boston walihamisha figo kutoka kwa pacha mzima na kumtia ndugu yake aliyekuwa mgonjwa, naye akaishi. Haya ni mambo makuu, lakini mashine huomba mgonjwa alale kando yake yapata saa 4, mara 3 kwa juma, maisha yake yote au mpaka apate figo la mtu. Katika nchi maskini wako wengi wanaokufa kwa kukosa gharama yake. Na hata aliye nayo hupimiwa maji kwa kikombe kati ya siku na siku, kwa sababu mashine huja na kwenda, ilhali figo halikuondoka zamuni hata dakika moja.

Wajibu wa mtu kwa mafigo yake, basi, si mzito ukilinganishwa na wajibu wa mafigo kwake. Ni kupunguza chumvi mkononi mwake kabla ya kuwalazimisha wengine waipunguze ndani. Kunywa maji kwa haja ya kiu na ya jua. Kutomeza dawa za maumivu kila siku bila ya ushauri. Kupimwa shinikizo la damu na sukari angali mzima. Na kutoona haya kupeleka mkojo wake kwa tabibu, kwa sababu protini ikionekana humo, mapema ya kutosha, ufa waweza kuzibwa kabla ukuta haujaanguka. Walio madarakani nao wana wajibu wao, maana mshahara usiompa mkata miwa nafasi ya kivuli na kikombe cha maji humnyang'anya zaidi ya jasho.

Mtu hujisifu kwa uhuru wake wa kwenda apendako, kula apatacho na kufunga mchana kutwa akipenda. Uhuru huo hutunzwa na viungo viwili vilivyofichwa mgongoni, ambavyo humwaga lita 180 na kuzirudisha karibu zote, leo kama jana, bila ya kuulizwa. Asiyetaka kuishukuru kazi hiyo kwa maneno, na aishukuru kwa kiasi.